Do ya Wimbo wa Karanga

Mwalimu Raymundi alisema wazi: wimbo wa mama yangu usipopata kodi za kinanda kufikia mazoezi ya Jumamosi, hautaimbwa Sikukuu ya Mavuno. Kodi ni noti kadhaa zinazobonyezwa pamoja ili kuushika wimbo, na zote alizojaribu ziligombana na sauti zetu.

"Mama Shukrani, wimbo huu ni wa shambani. Kinanda hakiujui," aliniambia.

"Nipe nafasi nijaribu, mwalimu."

"Haya, mwanafunzi wangu wa jioni." Kwaya ikacheka, nami nikacheka. Nina wajukuu, na katika darasa lake la muziki la jioni nakaa mbele kwa sababu ya macho.

Mama alikuwa amekuja kwetu kutoka Ntalikwa makusudi, ausikie wimbo wake kanisani. Ni wimbo wa kumenya karanga. Sikujua ningemwambia nini ukikataliwa.

Simuni nina programu mbili. Moja huvumisha noti moja bila kukoma. Ya pili unaichagulia skeli, yaani ngazi ya noti kuanzia do, nayo inakuonyesha kodi zake, ukizigusa zinalia. Lakini nilipofungua ya pili, ya kwanza ilinyamaza. Nikamwomba mume wangu, Tobias, simu yake.

"Na mpira je?"

"Utausikiliza redioni."

"Mama, binti yako siku hizi ni bendi," akamwambia mama, huku akinipa simu.

Niliomba kwanza, kama niombavyo kabla ya kila somo: Bwana, fungua masikio yangu. Kisha nikavumisha noti ambayo mama humalizia, nikaiita do. Nyimbo zetu za kitabuni hukomea kwenye do, na wanakwaya tumezoea kuitafuta mwishoni. Kwenye simu ya pili nikachagua skeli ya do hiyo. Mama akaimba huku akimenya karanga, nami nikagusa kodi ya kwanza. Akakatiza wimbo, akaendelea kumenya.

"Hiyo simu ina njaa," alisema.

Nikaacha mvumo uendelee, nikabadilisha skeli, kisha nyingine. Kila mara mama aliimba kidogo akanyamaza. Nilipofika kwenye skeli ambamo noti ya mwisho ya mama ni la, si do, hakunyamaza. Nikagusa kodi ya la, ya re, nikarudi ya la, naye aliimba mpaka mwisho macho yakiwa kwenye karanga zake. Noti ilikuwa ileile. Mimi ndiye niliyeipa jina lisilo lake. Nikashukuru palepale nilipokaa.

Jumamosi Raymundi alizipiga kodi hizo nasi tukaimba vizuri, ila mwishoni vidole vyake vikateleza kwenye do kwa mazoea. Mama, aliyekaa benchi la nyuma, akakohoa.

"Mwalimu, hapo umefunga mlango na watu bado wako nje."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fungua."

Raymundi akarudia, akaishia kwenye la, akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

"Kesho kwenye Mavuno tutauimba kabla ya sadaka," alisema.

Mama akainuka, akaja kusimama kati yetu sisi wa sauti ya pili, akauliza kama kuna sare ya kwaya ya mtu mfupi.