Kuvuka Mto wa Singapuri

Ng'ombe ndiye aliyewachelewesha. Si pombe, wala si wanawake wa mjini ambao sajini aliwaonya juu yao mpaka sauti ikamkauka. Ng'ombe! Mji wote ule wa Singapuri, Wazungu wakicheza kriketi mbele ya majumba meupe ya Serikali, mnara wa kanisa upande huu, hekalu la Kihindi lililojaa sanamu za rangi upande ule, vibao vya maduka vimeandikwa Kiingereza na Kichina na Kimalai, na Huka akapita katikati ya yote hayo bila kugeuza shingo. Alisimama walipofika mtaa wa Wahindi wauza maziwa, pua yake ilipopata harufu ya zizi.

"Komora, ngoja mimi kidogo," alisema.

Kidogo hicho kilikula alasiri. Huka alikuwa Muorma wa mbuga za Garsen, na tangu kikosi chao cha KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kiletwe Malaya kupigana msituni hakuwa amegusa hata mkia wa ndama. Alimpapasa ng'ombe mmoja, akamsemesha Kiorma, akanywa maziwa ya moto mpaka Mhindi mwenyewe akaanza kucheka. Laban Komora, Mpokomo wa Ngao kwenye Mto Tana, alisimama mlangoni akilitazama jua.

"Huka, tutaachwa!"

"Hii kama ile nyekundu ya baba yangu. Wewe mtu wa mto hujui."

Komora alikuwa na haki ya kukasirika. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Ngao. Askari mpya aliyetoka kwao alimletea habari kwamba mama hali chakula tena, na kila asubuhi anauliza kama Laban amefika. Kapteni alimwonea huruma, akamtia yeye na Huka katika kundi la kwanza la kurudi Kenya. Jioni hiyo lori lingewachukua kutoka ng'ambo ya mto na kuwapeleka moja kwa moja melini. Atakayechelewa, kapteni alisema, atasubiri kurudi na kikosi kizima, na hakuna aliyejua kikosi kingerudi lini.

Hatimaye alimvuta Huka kwa mkanda wa suruali, wakaanza kukimbia. Walipita mafundi viatu, wauza mie, zile tambi za Kichina, bibi wa Kizungu mwenye mwavuli, wanawake wa Kichina waliovaa vikubazi vya mti vinavyogonga njia nzima. Walipofika darajani walikuta limezibwa na watu.

Alikuwa amekufa tajiri wa Kichina. Jeneza lilitangulia polepole, jamaa zake nyuma wamejifunika magunia vichwani wakilia, na baada yao, ajabu ya mji ule, bendi ya tarumbeta ikipiga nyimbo za dansi za Kizungu. Siku nyingine Komora angesimama acheke. Sasa alijaribu kupenya, akasukumwa. Akajaribu tena, polisi wa Kimalai akamzuia kwa mkono kifuani na kumwonyesha arudi. Ng'ambo ya pili aliliona lori lao, na sajini amesimama kwenye ngazi yake akitazama huku na huku.

Ndipo akaiona mashua. Ilikuwa ndogo, yenye paa la mkeka katikati, imefungwa chini ya ngazi za mawe, na hapakuwa na mtu.

Sasa, ili umwelewe Komora lazima uwe umeishi Tana. Kwao, mtumbwi uliofungwa ukingoni hauombewi ruhusa. Mwenye haja huufungua, huvuka, huufunga ng'ambo. Mwenyewe akija akaukosa hupiga ukelele, na yeyote aliye upande wa pili humrudishia. Anayekataza watu mtumbwi wake husemwa mpaka anazeeka. Kwa hiyo Komora hakusita hata kidogo. Alifungua kamba.

"Mimi na maji hapana," Huka alisema, ameng'ang'ania ngazi. "Iko mamba?"

"Hakuna."

"Nani amekuambia?"

"Ingia, Huka! Leo umeshanichosha!"

Huka aliingia, akajikunyata, macho ameyafumba, akiomba Mungu. Komora alichukua upondo, akausukuma ukingo, wakaondoka. Karibu na ukingo mambo yalikwenda sawa. Lakini mto ule haukuwa Tana. Mara upondo ukazama wote bila kugusa chini, mkondo ukawashika, na mashua kubwa za mizigo zikawa zinapita kila upande, mabaharia wakiwapigia kelele. Akautupa upondo, akakamata kasia refu la nyuma, akalisukuma alivyoweza. Waliyumba, lakini walisogea. Ng'ambo ilikuwa ikija. Aliweza kuziona ndevu za sajini.

Ndipo kilio kikatoka chini ya mkeka.

Huka alifumbua macho, akainua pembe ya mkeka. Mtoto mchanga, uso mwekundu kwa kulia, alikuwa amelala juu ya matambara, kamba imefungwa kiunoni mwake na ncha yake kwenye ubao wa mashua. Pembeni palikuwa na jiko dogo, sufuria, na nguo zilizokunjwa vizuri.

Komora alilitazama jiko lile. Nani hulala ndani ya mtumbwi? Kwao mtumbwi ni wa kuvukia na kuvulia na kubebea ndizi. Haikuwahi kumjia kichwani kwamba wako watu ambao mashua ndiyo nyumba yao na jiko lao na kitanda chao. Hakuwa ameazima mtumbwi. Alikuwa ameondoka na nyumba ya mtu, na mtoto ndani.

Kule walikotoka mwanamke alikuwa amesimama kwenye ngazi za mawe na ndoo ya maji. Ndoo ilianguka. Alipiga yowe lililoishinda bendi, akajitupa mtoni.

"Twende mbele!" Huka alipaza sauti. "Tufike, tumpe mtu wa huko mtoto, arudishe!"

"Tumpe nani? Nani anajua ni wa nani?"

"Komora, ile pale lori! Mama yako!"

Ni kweli, lilikuwa pale pale. Sajini alikuwa amewaona sasa, akiwapungia mkono kwa hasira. Yalibaki mapigo machache tu ya kasia. Komora alimtazama sajini, akamtazama mwanamke yule anayezama na kuibuka akipigapiga maji, maana hakujua kuogelea lakini alikuwa anakuja tu. Alimwaza mama yake juu ya kitanda cha hospitali. Alitamani mtu mwingine aamue kwa niaba yake, hata kapteni, hata shetani.

Akaigeuza mashua.

Huka, mtu aliyeogopa maji kuliko risasi, akalala kifudifudi ukingoni, akaanza kupiga kasia kwa mikono yake miwili. Mashua moja ya shehena iliwapita karibu sana, wimbi lake likaingia ndani, na Komora akamwinua mtoto kwa mkono mmoja huku wa pili ukiling'ang'ania kasia. Walimfikia yule mwanamke. Huka alimshika nywele, wakamvuta ndani, naye mwanamke akampokonya Komora mtoto na kumkagua kidole kwa kidole. Alipoona ni mzima alimpiga Komora kofi, halafu la pili, halafu akakaa chini akalia.

Pale kwenye ngazi makuli walikuwa wakiwasubiri. Walipigwa mpaka polisi wakawaokoa, na usiku huo walilala kituoni. Asubuhi kapteni alikuja, meli imeshaondoka.

"Kwa nini uliiba mashua, Komora?"

"Sikuiba, effendi. Nilikuwa navuka."

Kapteni alitikisa kichwa. Akatia sahihi karatasi za polisi, akawarudisha kambini.

Walirudi na kikosi mwaka uliofuata. Garsen waliagana, Huka akashika njia ya mbugani, Komora akapanda mtumbwi mpaka Ngao. Lydia, mdogo wa mama yake, alimkuta kando ya kaburi la mama, ambalo nyasi zilikuwa zimeshaota. Hakumkumbatia.

"Wenzako wa kwanza walikuja, Laban. Nilikwenda Garsen kukupokea. Mama yako alikaa siku zile zote ameugeukia mlango. Ulikuwa wapi?"

Akamweleza. Mazishi ya Mchina, mashua, kilio chini ya mkeka, mwanamke mtoni. Hakuficha neno. Lydia alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Ulifanya vyema, mwanangu," alisema. "Yule ulimrudishia wake. Na huyu wetu, nani alimrudishia wake?"

Lydia aliinama, akaanza kung'oa nyasi juu ya kaburi, na Komora naye akapiga magoti upande wa pili akang'oa.