Ombi la Kankindi Siku ya Krismasi

Tulinagwe alipika wali wa watu kumi na wawili, na hadi saa nane mchana walikuwa wamefika wanne tu.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka 1993, ya pili tangu yeye na mumewe, Mchungaji Anyosisye, watumwe Kigali na kanisa lao la Rungwe, Tanzania. Mwaka wa kwanza majirani wa mtaa wao wa Kabeza walijaa hadi uani. Safari hii kila aliyealikwa aliuliza kwanza, "Na nani mwingine anakuja?"

Waliofika ni Ilyasi, fundi cherehani Mwislamu. Munyakazi, seremala Mhutu wa nyumba ya pili. Na muuguzi mjane wa Kitutsi, Kankindi, na binti yake Kirezi wa miaka minane. Munyakazi na Kankindi, waliokuwa zamani wakiombana chumvi, walikaa kila mmoja pembe yake, bila salamu.

Mchungaji alikuwa katikati ya sala lori la jeshi lilipopita kuelekea kambi ya Kanombe. Vikombe vikatetemeka. Akaikatiza kwa amina.

Munyakazi hakugusa chakula. Macho yake yalikuwa mlangoni.

"Mama Pasta," alisema, "wewe iko mugeni hapa. Unaita watu wote tu. Si vizuri."

"Ni majirani zangu, mzee."

"Ndiyo. Lakini iko watu wanaandika nani anakura na nani."

Akachukua kofia, akatoka. Hakuna aliyejua kama ameonya au ametisha. Punde Ilyasi naye akaaga. Mkewe alikuwa peke yake nyumbani.

Kankindi akamfuata Tulinagwe jikoni.

"Mwezi wa kwanza munaenda kwenu likizo?"

"Wiki tatu tu, dada."

"Nendeni na Kirezi. Kukitulia nitakuja mwenyewe kumuchukua."

Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. "Mama Kirezi, sisi tunaishi hapa kwa kibali. Mpakani wakiniuliza huyu ni nani, nitajibu nini? Siwezi kusema uongo."

"Basi nitasema mimi," mkewe alijibu, bila kugeuka.

Walibishana hadi mwaka mpya. Mchungaji alisali, akafunga, akazunguka chumbani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku ya safari, pale mpakani Rusumo, askari alimnyooshea mtoto kidole. Tulinagwe alifungua kinywa, lakini mumewe alimtangulia.

"Binti yetu," alisema. Akaificha mikono yake mifukoni.

Kanisa liliwazuia kurudi Kigali, hali ikiwa mbaya. Barua mbili za Kankindi zilifika Rungwe. Kisha Aprili ikaingia, na barua hazikuja tena.

Mwaka uliofuata Mchungaji alikwenda Kabeza peke yake. Alimkuta Ilyasi hai, cherehani yake imeibwa. Kankindi alikuwa ameuawa wiki ya kwanza ya mauaji. Munyakazi alikimbilia Zaire. Ilyasi alikataa kusema zaidi juu yake.

Tulinagwe ndiye aliyemwambia Kirezi, wakiwa wamekaa nyuma ya nyumba, ungo wa maharage kati yao. Mtoto hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka maharage ya ungoni yakaisha, kisha akaomba mengine.