Kiti cha Jumanne

Majibu ya kipimo yalikuwa mazuri, na Jemadari alichukia. Hakusema, wala hakukiri moyoni, lakini mwili hauna adabu. Mdogo wake alipoeleza kwamba uvimbe wa titi umetolewa wote, tezi za kwapani ni safi, na daktari ameona dawa za saratani za dripu hazitamwongezea kitu, Jemadari alibetua midomo kama mtu aliyenyimwa.

Yeye, alipougua saratani hiyo hiyo, alizimaliza dripu zote. Jina la Jemadari alipewa wodini, kwa kuwa alitapika, akajifuta mdomo, akawauliza wenzake nani anafuata. Titi la kushoto lilikwenda. Nywele zilikwenda, zikarudi za mvi. Kucha za miguu hazijakaa sawa mpaka leo. Sasa huyu mdogo, ambaye tangu utotoni hata surua ilimpitia juu juu, angepigwa mionzi majuma machache, ameze kidonge kimoja kwa siku, kisha watu waseme naye ameishinda saratani. Naye, kama dada yake.

Ushauri ulianza asubuhi iliyofuata, kwenye karakana yao ya mapazia, ambako mkubwa hupima na kukata, na mdogo hushona. Jemadari alisema aende tu akatundikiwe dripu, kinga haijamwua mtu. Alisema madaktari wa siku hizi wavivu. Alimpigia simu mama yao, na mama, ambaye humwamini aliyesema mwisho, akampigia mdogo akilia. Jemadari akaleta mkoba wake wa siku za dripu, wenye vilemba laini na kipimajoto. Mdogo wake akashukuru, akauweka rafuni kando ya nyuzi, akarudi kwenye cherehani. Alikwisha kumwuliza daktari maswali yake, akaenda kwa daktari wa pili, akapata jibu lile lile. Uamuzi alikuwa nao, na hakuona sababu ya kuutetea kila siku kabla ya chai.

Kunyamaza huko ndiko kulikomkera Jemadari. Mtu akikubishia, angalau amekuona.

Ijumaa alikwenda hospitali kwa uchunguzi wake wa kawaida. Alimwambia muuguzi wa dripu kwamba mdogo wake ameridhia, ila anaona haya kuja mwenyewe. Muuguzi, aliyemjua Jemadari kuliko alivyolijua faili la mdogo, akamshikia kiti cha Jumanne wakati wakisubiri karatasi ya daktari. Kilikuwa kile cha dirishani, alichokalia Jemadari mwenyewe.

Jumatatu muuguzi akampigia mdogo kumkumbusha kupima damu. Mdogo alisikiliza, akaaga kwa upole, akazima cherehani.

“Dada, umeniwekea kiti?”

“Cha dirishani. Watu wanakigombania.”

“Basi waachie wanaokigombania.”

“Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.”

“Kunguni wako nawajua. Nani alikuwa anakufulia mashuka?” Mdogo alisimama. “Na wewe, hata madirisha mawili ya ukuta mmoja, fundi mmoja, unapanda ngazi unapima kila moja. Hujawahi kukata pazia kwa kipimo cha jirani. Mimi mbona unanikatia kwa kipimo chako?”

Jemadari aliuweka mkasi mezani. “Kwa hiyo mimi niliteseka bure?”

Ndilo lililokuwa likimkaba tangu majibu yatoke.

“Hukuteseka bure. Wewe tezi zilikuwa zimeingiliwa, mimi hazijaguswa. Bila zile dripu, leo ningeshona peke yangu bila wa kunigombeza.” Akamsogezea simu. “Kiti umekishika wewe, kakiachie wewe. Sasa hivi, nikisikia.”

Jemadari alipiga. Muuguzi aliuliza kama mgonjwa ameingiwa na hofu, au wasogeze hadi Alhamisi. Jemadari alimtazama mdogo wake, nywele zake nyingi, nyeusi, zilizofungwa ovyo kama za mtu mwenye uhakika wa kesho.

“Haogopi,” alisema. “Hahitaji dripu.”

Muuguzi akasema huyo ana bahati kweli. Jemadari akaitikia kwamba ndiyo, ana bahati, akakata simu. Wivu haukumtoka. Ulibaki pale pale, ila sasa ulikuwa wake mwenyewe, haukujiita tena kinga.

Akauliza mionzi inaanza lini.

“Ili uje kuwaelekeza madaktari?”

“Nauliza tarehe tu.”

“Tarehe nitakwambia. Ukija, utakaa nje.”

Jemadari, ambaye hajapata kukaa nje ya jambo lolote, alisema sawa.