Kufuli za Katoni Moja

Mtaa wa Kimanga ukishikwa na hofu haununui rangi wala vigae, unanunua kufuli. Saruji na mabati yalilala kwenye bohari kubwa za barabarani bila wa kuyauliza, lakini kwenye kenkayeri ya Belyse, duka jembamba la misumari na bawaba, watu walisukumana. Katoni nzima ya kufuli za bei rahisi ilikwisha kwa siku tatu, ikabaki kufuli moja tu dukani. Nyingine ya katoni hiyo Belyse aliitia kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kila alipokwenda kazini alimfungia ndani bintiye Divine, wa miaka saba, kama walivyofanya wazazi wengi wa mtaa siku hizo.

Asubuhi moja jirani yake Agnès akamletea kufuli ya katoni ileile, imebanwa, funguo zake zimepotea. Kwa mzaha tu, Belyse akachomoa ufunguo wa ile kufuli ya mwisho, akaujaribu. Ikafunguka.

"Mungu iko," Agnès akacheka. "Minye nilizani nitanunua ingine."

Belyse hakucheka. Agnès alipoondoka, alipiga hesabu. Ufunguo mmoja, milango thelathini. Ilimpasa atoke pale pale awaambie watu, lakini nani angenunua kwake tena? Aibu ikamshinda, akajiambia atasema jioni.

Saa tano akaingia mwanamume asiyemjua, aliyenunua kufuli juzi. Akaiweka juu ya meza taratibu.

"Mama, kadena yako iko hii, ubaki nayo. Minye ufunguo tu inanitosha."

Akatabasamu kwa adabu, akatoka. Belyse aliogopa hata akasahau kufunga duka. Alikimbia nyumbani na kandambili moja mguuni, akiomba Mungu amsamehe ile jioni aliyoingoja.

Mlangoni kwake kufuli ilining'inia imebanwa, vilevile alivyoiacha. Machozi ya shukrani yakamtoka. Akafungua, akaingia.

Divine alikuwa kitandani nyuma ya pazia, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Mama," akasema, "ile mara ya kwanza ulisahau nini? Ulifungua mlango, ukasimama, ukafunga tena. Minye nilikuita, haukuitika."