Tundu la Mgongoni

Alasiri moja ya msimu wa karafuu, Bi Mwanapili alikuwa ameketi juu ya jamvi barazani kwake Mgogoni, akichambua karafuu na jirani yake Kazija, pale mwanawe Mjaka alipoingia kupitia uwani. Mjaka alikuwa amekufa huko Bama, katika vita vya Mwingereza na Mjapani. Habari zake zilikwishafika na hitima ikasomwa. Alivua viatu vya jeshi, akamwamkia mama yake na Bi Kazija, akaketi kuchambua.

"Umekonda," alisema Bi Mwanapili.

"Nimekufa, mama."

"Hilo nalijua. Nasema umekonda."

Kesho yake Mjaka alipanda mikarafuu, kifua wazi, pamoja na wachumaji wengine. Alichuma vizuri, hakuchoka wala hakuomba maji. Waliokuwa chini ndio waliolibaini tundu. Lilikuwa katikati ya mabega, na kila Mjaka alipojinyoosha kufikia tawi, mbingu ilionekana upande wa pili. Mbele yake hawakusema kitu. Walisema kisimani.

Sheha Othman, mkuu wa kijiji, alimshuku. Hakuona ajabu maiti kurudi kwao. Alichoshuku ni kwamba Mjaka yu hai. Askari aliye hai, naye yuko kwao bila ruhusa, ni mtoro, na mtoro akionekana Mgogoni atakayeulizwa ni sheha. Alikuja akaweka sikio kifuani pa Mjaka, akasikiliza mpaka shingo ikamuuma.

"Hamna kitu," alisema, roho imemtulia.

Ndipo akatoa habari. Mjaka amepewa nishani ya ushujaa, na mkubwa wake wa jeshi, Mzungu, anaileta mwenyewe kutoka bara.

"Mwenyewe?" aliuliza Bi Mwanapili. "Mzungu avuke bahari kumtafuta mama wa askari?"

"Ni heshima, bibi."

"Mie sijaona heshima inayonifuata mpaka uwani."

Sheha alipoondoka, Bi Mwanapili alimvua mwanawe shati. Mgongoni tundu lilikuwa dogo, kama kichwa cha karafuu. Kifuani lilikuwa pana kama kikombe cha kahawa.

"Adui alikuwa wapi?"

"Mbele."

"Na nyuma?"

"Nyuma tulikuwa siye."

Mjaka akavaa shati lake, akarudi jamvini.

Mkubwa wa jeshi alifika, mtu mrefu, mpole, akisema Kiswahili cha kambini. Watu walikusanyika kiwanjani. Alieleza kwamba jeshi liliporudi nyuma, majeruhi walibaki ng'ambo ya mto. Mjaka alivuka akambeba mmoja, akavuka tena akambeba wa pili. Alipokwenda kumchukua wa tatu, risasi ya adui ikamwua.

"Ulikuwapo?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Nilikuwapo, mama. Nilikuwa nyuma yake."

"Ulimtuma weye?"

"Hapana. Nilimkataza. Amri ilikuwa hakuna kuvuka tena."

Bi Mwanapili alimshika mwanawe mkono, akamtoa mbele ya watu. Mzungu alimtambua.

"Hujambo, Mjaka."

"Sijambo, bwana."

Mama akamgeuza, akampandisha shati. Mzungu alilitazama tundu. Kupitia tundu lile aliuona uso wa sheha, ulioinama.

"Basi hili la nani?"

"Vita vina mambo mengi, mama," alisema, akatoa nishani mfukoni.

Bi Mwanapili hakuinyoosha mikono yake. Alimuuliza Mjaka kwa sauti ndogo, "Ni yako?"

"Wale wawili niliwabeba kweli, mama. Wa tatu alikuwa Masika wa Shumba. Nilimsikia akiniita."

"Na sasa yuko wapi?"

"Huko huko."

Hapo mama akaipokea. Sheha akaagiza kahawa, na mkubwa wa jeshi akanywa vikombe viwili, akawashukuru watu wa Mgogoni. Alipeana mkono na kila mtu. Mjaka alimpa mkono pia, kisha akabaki amesimama akimwelekea mpaka gari lilipoondoka. Mwaka uliofuata ilisikika kwamba mkubwa yule amepandishwa cheo.

Mjaka alibaki kwao. Ijumaa ya kwanza baada ya hapo, Shehe Khatib, imamu wa msikiti, alimwomba asali safu ya mwisho, kwa kuwa waliosimama nyuma yake macho yao hayakutulia, yakilitafuta lile tundu. Mjaka hakuona vibaya. Alisema hata yeye ndivyo anavyopenda, asiwe na mtu nyuma yake.