Nyumba ya Wanazuoni wa Makuyuni

Chama cha Wanazuoni wa Sayansi na Sanaa kilianzishwa mwaka sitini na saba. Serikali ikakipa nyumba ya zamani ya shamba la mkonge hapa Makuyuni, kiweke maktaba. Maktaba haikuja. Tulipochoka kuingoja, tukaingia sisi na kisomo cha watu wazima.

Mwaka tisini na nne, zama za ruksa, tukasikia Chama kinakuja kupitisha azimio la kumuuzia nyumba mfanyabiashara wa mitumba. Noonkipa, jirani yangu aliyehamia kutoka Handeni, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha silabi. Alilia kama kafiwa.

Wakaja kumi na tisa, basi dogo zima, maana waliahidiwa pilau. Wali ukachelewa kuiva. Mwenyekiti, Profesa Fransisko, akaniamkia vizuri, kisha akasema mfadhili anataka picha ya wanachama wakiwa na wananchi.

"Bibi Mashavu, hebu tutegee kitendawili."

"Kitendawili!"

"Tega!" Wamejipanga, kamera iko tayari.

"Mwanangu hushiba maneno, akinywa maji hufa."

"Redio," akasema daktari wa fizikia.

"Redio haishibi, baba. Inatapika."

"Mbunge!"

"Huyo maji anakunywa, tena ya chupa."

Wakabishana mpaka jasho likawatoka. Mmoja akaomba apewe miezi sita ya utafiti.

"Mmeshindwa. Nipeni mji," nikasema, maana bila mji jibu halitoki.

"Chukua Tanga," akasema Profesa.

"Tanga nina wakwe. Nitaingiaje na kanga hii?"

"Chukua Korogwe."

"Huko nilikuwa juzi sokoni."

"Sasa bibi, unataka wapi?"

"Hapahapa tulipokaa. Nyumba hii."

"Chukua!" Akacheka. "Wanachama, tumpe?"

Mikono kumi na tisa ikapanda, picha ikapigwa.

"Nimekwenda, nimekaa, nimekaribishwa vizuri. Jibu ni daftari."

Wakatazamana. Katibu wao, Lea, alikuwa anaandika. Katiba yao inamtaka aandike kila neno la mkutano, na huyu binti hakuwahi kuacha hata kikohozi.

Baada ya pilau, Profesa akasoma ajenda: kuuza nyumba.

"Haiwezekani, Mwenyekiti," akasema Lea. "Mmeshampa Bibi Mashavu. Mmoja ametoa hoja, wote wameafiki."

"Ule ulikuwa mchezo!"

"Katiba haijataja mchezo. Na hili ndilo azimio la kwanza la Chama tangu kianzishwe. Mkilifuta, nitamwandikia nini mfadhili?"

Profesa akachukua kalamu, akatia saini kama anayemeza kwinini. Lea akapiga muhuri.

Noonkipa akapiga kigelegele, wanazuoni wakaitafuta milango ya basi. Profesa alibaki nyuma akipangusa miwani.

"Bibi, na historia ya Chama tutaihifadhi wapi?"

"Kubwa kiasi gani, mwanangu?"

"Katoni mbili. Moja ni barua za udhuru."

"Ileteni. Vitabu vya kusomea vimetuishia."

Wakaileta kweli. Jumatatu yake Noonkipa alisimama mbele ya darasa na barua ya daktari mmoja, kidole chini ya maneno:

"Na-si-ki-ti-ka si-ta-we-za ku-hu-dhu-ri-a."

Tukampigia makofi. Akachukua ya pili, maneno yaleyale, akaisoma bila kukwama.