Hodi Katikati ya Gita

Saa nane na nusu mchana, Ijumaa moja ya Juni 1987, anga ya Hounslow haikuwa na ndege. Protas, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege wa Heathrow, London, alijua sababu. Ikifika saa tisa njia ya kutua hubadilishwa, na kuanzia hapo ndege zote zingepita juu ya paa lake. Alikuwa na nusu saa ya kurekodi.

Kesho yake asubuhi dada yake Elieshi alikuwa anaolewa, naye alitaka kuingia ukumbini kwa kaseti ya gita la kaka yake, asiyethubutu kupiga mbele ya watu. Sharti alilitoa kwa simu.

"Gita tupu, kaka. Ile kaseti ya Krismasi ulikohoa mara mbili. Nikisikia sauti ya mtu, naingia kwa kinanda cha ukumbi, yaishe."

Protas alitundika blanketi dirishani, akazima friji isingurume, akabonyeza kitufe chekundu. Mara ya kwanza kidole kiliteleza. Mara ya pili waya ulikwaruza. Safari ya tatu gita lilikubali, na alipofika pale kabla ya kiitikio, ambapo nyuzi hunyamaza kidogo, sauti ikatoka ngazini.

"Hodi."

"Karibu," akaitika Protas, na mkono ukaendelea kupiga.

Hakulifikiria neno lile. Hodi huitikwa; mama yao hakuwalea vingine.

Aliyeingia ni Bi Ummukulthum, jirani wa chini, Mzanzibari aliyehesabu kengele ya mlango kuwa utovu wa adabu. Alikaa kimya na sahani yake ya vitumbua mpaka wimbo ukaisha.

"Umepiga vizuri, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Umo ndani ya kaseti, Bi Kulthum."

"Mie? Nimesema neno moja tu."

"Na mimi moja. Elieshi hataki hata nusu."

"Basi ungenyamaza."

"Nikuache mlangoni?"

"Mtaa mzima ungesikia habari zako," alisema, akimsogezea sahani.

Protas akalishika gita tena. Ndege ya kwanza ikapita, vikombe vikalia kabatini. Ya pili ikafuata. Alirudia mpaka jioni, na kila mara alinasa ndege. Kufuta zile sauti hakukuwezekana, kwa kuwa maneno na gita vilipita kwenye maiki moja.

Siku ya pili, ukumbini Wembley, alimkuta bibi harusi nje ya mlango na wapambe wake.

"Kuna maneno mawili," alimwambia.

"Umekohoa tena?"

"Hodi na karibu."

Elieshi alimtazama, kisha akautazama mlango uliokuwa wazi.

"Kinanda kiko tayari?"

"Kiko."

"Kiache. Fungeni mlango huu, uweke kaseti. Msiufungue mpaka niwaambie."

Mlango ukafungwa. Gita likaanza, wageni wakageuza shingo. Nyuzi ziliponyamaza, Bi Ummukulthum akasema hodi kutoka kwenye spika.

Ukumbi mzima ukaitika, "Karibu."

Huko nje Elieshi akawaashiria wapambe kwa kidole, mlango ukafunguliwa, akaingia.